Barua ya wazi kuhusu stesheni, karakana ya meli na Liemba ya Kigoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Nakala: Shirika la Reli Tanzania (TRC), Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO).

YAH: OMBI LA KUITANGAZA STESHENI YA KIGOMA, KARAKANA YA MELI NA MV LIEMBA KUWA URITHI MMOJA WA TAIFA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Reli ya kisasa inakuja Kigoma. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na mwaka 2025 ukafuata ule wa Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Sisi tunaoishi mwisho wa reli tumeisubiri kwa hamu kuliko watu wengi, maana tunajua safari ya siku mbili garini ikoje. Barua hii haipingi hata taruma moja la reli hiyo. Naandika kwa sababu reli mpya huja na stesheni mpya, na stesheni mpya ikishafunguliwa, ile ya zamani hukosa mwenyewe. Naandika pia kwa sababu Serikali imekubali kutoa fedha za kuikarabati MV Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, na kwa hilo tunashukuru sana. Mambo haya mawili makubwa yanatokea kwa wakati mmoja, kwenye kipande kimoja cha ufuko, chini ya ofisi tofauti. Nahofia kila ofisi itafanya kazi yake vizuri na bado tutapoteza kitu kisichokuwa cha ofisi yoyote.

Kitu chenyewe ni hiki. Stesheni, bandari na meli ya Kigoma havikujengwa kama vitu vitatu. Vilipangwa pamoja, kwa hesabu moja, ili shehena itoke Bahari ya Hindi ifike ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ukikiondoa kimoja, viwili vinavyobaki vinakosa maelezo.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikagusa maji ya ziwa hapa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka ilipoanzia. Sehemu kubwa ya udongo wake ilichimbwa na kubebwa na Wanyamwezi. Wajerumani walikuwa wameandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam Agosti 1914 kusherehekea kukamilika kwake. Mwezi huohuo vita vikuu vikaanza, na maonyesho hayakufanyika.

Wakati reli inakaribia ziwa, kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, meli ilikuwa ikiundwa mwaka 1913. Waliiunganisha kule ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaibomoa na kuipakia kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakapita Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda treni. Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo: bila reli, meli ile isingefika ziwani, na bila meli, reli ingeishia ufukweni. Meli ina urefu wa mita 71 na ushei. Hakuna mto unaoweza kuileta Kigoma kutoka baharini. Ilibidi ije vipande vipande, na ilibidi pawepo mahali pa kuiunganisha upya, mkuku kwanza, mbavu, halafu mabamba ya chuma yakigongwa riveti moja baada ya nyingine. Mahali hapo ni ufuko wetu. Karakana hiyo ndiyo inayosahaulika kila watu wanapozungumzia Liemba, kwa sababu haina umbo la kupigia picha.

Mafundi watatu wa Meyer walikuja kusimamia kazi: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yamehifadhiwa. Waliofanya kazi pamoja nao walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika wengi kuwazidi Wajerumani hao, na hao hawatajwi kwa majina. Nitarudi kwenye jambo hili.

Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala koloni hili kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Ni gavana huyo ambaye askari wake walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi wakati wa vita vya Maji Maji. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Naliandika hili waziwazi kwa sababu wapo watakaouliza kwa nini tuhifadhi kazi ya mkoloni. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba meli haikubaki ya Götzen.

Julai 1916, Wabelgiji wakiukaribia mji, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wale mafundi wa Papenburg walizipaka injini mafuta mazito kabla ya kuiachia maji, kwa matumaini kwamba siku moja itafufuka. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, wakaivuta hadi Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliiinua mara ya pili Machi 1924, na chuma kikaonekana bado ni kizima. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa. Tangu hapo historia yake ni yetu.

Ni watu wa Karema, Ikola, Kipili, Kirando na Kasanga wanaojua meli hii ni nini. Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Liemba ilisimama katikati ya maji, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na mitumbwi ikaikimbilia kutoka gizani ikiwa na abiria, magunia ya dagaa, madumu ya mawese, kuku, watoto na wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Ilienda mpaka Mpulungu, Zambia, ikarudi. Kwa vijiji hivyo haikuwa utalii hata siku moja. Ilikuwa ndiyo barabara.

Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua kuwaleta Kigoma. Meli iliyoundwa kuimarisha utawala wa mabavu ikawa chombo cha kuokoa watu waliokimbia mabavu. Sijui jengo au chombo kingine nchini chenye historia iliyogeuka namna hiyo, na ndiyo maana siwezi kukubali kiishe kwa bei ya vyuma chakavu.

Sasa nizungumzie stesheni, ambayo ndiyo iliyo hatarini zaidi kwa sababu haijapata sifa ya meli.

Barabara ya Lumumba inateremka kutoka eneo la Mwanga na kwenda kuishia mbele ya stesheni. Huo ni mpango, haukutokea kwa bahati. Aliyeuchora mji alitaka mtu anayeshuka kilima aione stesheni kwanza, kisha nyuma yake maji. Jengo lenyewe ni kubwa kuliko mahitaji ya mji mdogo wa wakati ule: kuta nyeupe nene, matao mapana chini, ghorofa juu yake. Ukubwa huo ulikuwa wa kujigamba, kuonyesha kwamba hapa ndipo dola ilipofika. Lakini aliyelijenga alielewa pia jua. Mwezi Septemba mchana, lami ya Lumumba inapowaka, abiria anakaa chini ya matao yale kivulini na upepo wa ziwa unapita. Hakuna feni, hakuna kiyoyozi, na jengo linafanya kazi yake leo kama lilivyofanya miaka mia moja iliyopita. Tuna majengo ya ofisi ya miaka kumi hapa mjini ambayo umeme ukikatika hayakaliki.

Ukisimama kwenye jukwaa la stesheni unaelewa mpango wote bila kuelezwa. Behewa linasimama, mzigo unashuka, bandari iko pale. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao hapa Kigoma na lingine Dar es Salaam kwa ajili ya shehena ya Kongo na Ruanda-Urundi, na kazi yote ya bandari ikazidi kuzunguka mpango huohuo. Mpaka leo mzigo wa Kalemie na Bujumbura unapita njia ileile. Mwanafunzi wa usanifu majengo akitaka kuona jinsi jengo linavyoweza kuwa bawaba kati ya nchi kavu na maji, aletwe Kigoma kabla ya kupelekwa kokote.

Waheshimiwa, naomba mwangalie sheria inavyosema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Reli ya Kati yote, kuanzia taruma la kwanza hadi la mwisho, ni ya baada ya mwaka huo. Kwa maneno mengine, umri wa stesheni ya Kigoma hauiletei ulinzi wowote. Inahitaji sahihi. Na kwa kuwa ardhi ya stesheni ni ya TRC, bandari ni ya TPA, meli ni ya TASHICO, na mamlaka ya kutangaza yako Maliasili na Utalii, hakuna meza hata moja ambapo faili lenye vitu vyote vitatu linakaa. Hilo ndilo ninaloomba lirekebishwe kwanza. Tangazo moja, ramani moja, mpaka mmoja unaoanza mwisho wa Lumumba, unapita stesheni na njia za reli zinazoshuka bandarini, unafika karakana ya meli na kuishia majini inapofungwa Liemba. Na katika ramani hiyo iandikwe nani anawajibika kwa kipi.

Sina haja ya kutafuta mifano mbali ili kuonyesha kinachotokea tukichelewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, Zanzibar, na watu wawili wakafa. Lile lilikuwa jengo la mwaka 1883, limo ndani ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mafundi walikuwa tayari wamo kazini kulikarabati. Kama jengo linalojulikana dunia nzima linaweza kuanguka mikononi mwetu, basi stesheni isiyojulikana nje ya Kigoma inahitaji uangalizi zaidi, wala isipate pungufu. Dar es Salaam nako, jengo la Salamander lililokuwa kwenye kona ya Samora na Mkwepu liliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na ghorofa refu. Halikurudi, na wala halitarudi.

Ziko namna za kuharibu jengo la kale huku mtu akiamini analitengeneza, na ningependa wahandisi wa TRC wanisikilize kwa hili. Kuta za enzi hizo zilijengwa kwa chokaa. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, maji yanafungiwa ndani, na baada ya masika machache lipu inabanduka na vipande vya ukuta vinaondoka nayo. Kisha mtu anasema jengo limechoka, livunjwe. Madirisha ya mbao yakitolewa yakawekwa ya aluminiamu ya kusukuma, nusu ya upepo uliokuwa ukiingia haiingii tena, na ndipo zinaanza kununuliwa mashine za kupoza. Matao yakizibwa kwa matofali ili kupata vyumba vya maduka, kivuli kinakufa. Kila moja ya kazi hizi huandikwa kwenye ripoti kama uboreshaji. Naomba hakuna hata moja ifanyike Kigoma kabla ya kuwepo kwa mchoro kamili wa jengo lilivyo sasa, chumba kwa chumba, na mtaalamu wa majengo ya kale kuupitisha.

Kuhusu meli, ukarabati hauwezi kufanyika bila kubadilisha chuma. Hilo nalielewa na silipingi. Usalama wa abiria unatangulia kila kitu. Injini zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli, na kuna mabamba mengi yaliyokwisha kubadilishwa. Ninachoomba ni utaratibu. Kila bamba, riveti, mlango, tundu la dirisha au bomba la asili linalotolewa lipigwe picha, lipewe namba, liandikwe lilikotoka, na lihifadhiwe Kigoma. Lisiuzwe kwa kilo. Mkataba na mkandarasi ukiwa haukulitaja jambo hili, bado linaweza kuongezwa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Wenzetu wa Peru waliwahi kukutana na jambo linalofanana na hili. Meli ya Yavari iliundwa Uingereza mwaka 1862 kwa ajili ya Ziwa Titicaca, ikavushwa milima ya Andes vipande vipande migongoni mwa nyumbu, ikaingia majini mwaka 1870. Ilipochakaa na kusahaulika, watu walijitokeza miaka ya 1980 wakainunua na kuifufua. Liemba ina bahati kuliko Yavari, kwa sababu reli iliyoileta ingalipo, stesheni ingalipo, na ufuko ilipounganishwa haujajengwa hoteli.

Nimesema nitarudi kwa waliofanya kazi bila kuandikwa majina. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ina kumbukumbu za utawala wa Wajerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kama kuna mahali pa kuanza kuwatafuta vibarua wa reli na mafundi wa ufukweni, ni humo, kwenye malipo, adhabu na orodha za kazi. Vyuo vyetu vina walimu na wanafunzi wa historia. Wapewe kazi hiyo sasa, ili kibao kitakachowekwa stesheni siku moja kisiwe na majina matatu ya Papenburg peke yake.

Kuna jambo la ziwa pia, na linaweza kuonekana dogo. Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Baada ya mwaka 1878, maji yalipopasua njia yake kupitia mto Lukuga, lilishuka kwa mita kadhaa na kuuacha ufuko wa zamani wa Ujiji nchi kavu. Miaka ya karibuni limepanda, na tumeona Bujumbura, Uvira na Kalemie nyumba zikikaa majini. Mpango wowote wa karakana na gati ambao haukupimwa dhidi ya kupanda na kushuka huku ni mpango wa miaka mitano tu. Rekodi za kina cha maji Kigoma ziwe sehemu ya faili hilohilo moja ninaloliomba.

Na stesheni itumike vipi reli mpya itakapofika? Isifungwe. Jengo tupu hufa haraka. Ikiwa treni za reli ya kisasa haziwezi kufika pale, basi abiria wa meli wakatie tiketi pale, wasubirie safari pale, badala ya kukaa juani getini. Chini pawe pa abiria, juu pawe na makumbusho ya reli na ziwa, na ofisi ndogo ya kumbukumbu ambapo mtoto wa shule ya Kibirizi au Katonga anaweza kuingia bure akaona jinsi meli ilivyosafiri kwa treni. Mgeni anayekwenda hifadhi za Gombe au Mahale anapita Kigoma hivi sasa bila kuambiwa amepita wapi. Watembezaji wa hapa mjini wangeishi kwa kazi hiyo.

Kabla mchoro wa stesheni mpya haujapitishwa na kabla ukarabati wa meli haujafungwa, naomba muitishe kikao cha wazi hapa Kigoma, ndani ya stesheni yenyewe, kwa siku ambayo waendesha mitumbwi na wafanyabiashara wa mwambao wanaweza kufika. Waalikwe mabaharia wastaafu wa Liemba na wafanyakazi wastaafu wa reli. Baadhi yao wanajua ni bamba gani lilibadilishwa mwaka gani na ni wapi paa linavuja, na umri wao hauruhusu tuahirishe. TRC, TPA na TASHICO waje na ramani zao, wazilaze juu ya meza moja, na Maliasili waje na kalamu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenyeji wa Ujiji, Kigoma